Jina Ambalo Bi Mwanapili Hakuliandika

Nianze kwa kukiri, maana nikichelewa nitaanza kujitetea. Maneno yaliyomfikia Bi Bimkubwa kule Shumba Viamboni yalitoka mdomoni mwangu. Sikumtuma mtu ayapeleke, lakini mimi ndiye niliyeyatoa. Na kwa sababu ya maneno hayo, mama mtu mzima wa miaka sabini na tisa alikataa kula chakula cha mwanawe wa pekee kwa siku kumi na moja, huku Ramadhani ikiwa imekaribia na kila mtu anapita kwa wazazi wake kuomba radhi.

Huyo mwana ni Bi Mwanapili Jaribu. Meza yake na yangu zinatazamana katika ofisi ya Mradi wa Mwani Bora hapa Micheweni. Mimi ni Konsolata, mtu wa Rombo. Nilikuja Pemba miaka tisa iliyopita nikimfuata mume wangu mwalimu, nikidhani tutakaa miwili tu. Kazi yangu ni takwimu: nani kapanda mwani wapi, kamba ngapi, kavuna lini. Hasira zangu ziko karibu sana, mume wangu husema ziko kwenye ncha ya pua. Za Bi Mwanapili sijawahi kuziona mpaka leo, na kwa miaka mitatu ya mwanzo jambo hilo lilinikera kuliko joto la ofisi.

Bi Mwanapili alianza kazi ya kupiga chapa akiwa na miaka kumi na tisa, enzi za taipureta, na vidole vyake bado vinagonga kwa nguvu za enzi hizo. Akiandika barua ndefu, vikombe vya chai mezani kwangu hutetemeka. Kompyuta zilipoletwa, wenzake wa umri wake walitafuta uhamisho au ugonjwa. Yeye alikwenda nyumbani, akarudi kesho yake na kitambaa cheupe alichokidarizi maua ya kilua, akaifunika mashine yake kama watu wanavyofunika redio ya sebuleni. Akamwambia fundi aliyekuja kufunga waya, "Haya mwanangu, n'onyeshe taratibu, mie sina haraka na sikusudii kusahau."

Na kweli hakusahau. Ila alichukua mambo ya kompyuta akayatia kwenye tabia zake za zamani, na hapo ndipo alipotuzidi sote. Alizoea, tangu alipokuwa masijala, kusoma barua kuanzia chini. Kwanza anatazama nani kasaini, muhuri ni wa wapi, tarehe ni ya lini. Akiridhika ndipo anapanda juu kusoma mtu huyo anataka nini. Barua pepe zilipokuja, akaendelea vilevile. Ujumbe ukisema umetoka makao makuu na unataka tubonyeze hapa upesi kabla akaunti haijafungwa, sisi tunaharakisha kubonyeza. Yeye anasogeza mshale juu ya kile kiungo bila kukibonyeza, anasubiri anwani halisi ijitokeze chini, anaisoma herufi moja moja kwa midomo. Kisha anaokota simu na kupiga makao makuu kwa namba iliyo kwenye daftari lake mwenyewe, si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe. "Asalaam alaykum, Bi Mwanapili hapa. Ati mmenitumia barua?" Mara tisa kati ya kumi hawakuwa wametuma chochote.

Tulimcheka, nisifiche. Aliyemcheka zaidi ni Ahmada, afisa ugani wetu, mwanamume mkubwa mwenye sauti ya kuitia watu walio ng'ambo ya pwani. Neno la siri la Ahmada lilikuwa jina la mwanawe wa kwanza, na alilibandika kwenye kioo cha kompyuta kwa gundi ya karatasi ili asisumbuke. Huyu bwana aliwahi kununa wiki nzima kwa sababu Bi Mwanapili, akiondoka kwenda kuswali adhuhuri, alikuwa akibonyeza kile kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi L, na kioo kinajifunga. Katika ofisi ambayo milango haifungwi, ambako mtu akifungua kikapu cha chakula sote tunanyoosha mikono, kufungiana kioo kulionekana uchoyo.

"Bi Mwanapili, unanifungia mie?" Ahmada aliuliza. "Mie ntu wako wa miaka yote?"

"Sikukufungia weye, Ahmada. Nimefunga tu."

"Ndani tupo mie na Bi Konso. Kama si sisi, ni nani?"

"Basi kama ni nyie, mtanisubiri nirudi." Akaenda zake kuswali.

Mambo yakabadilika siku ya mkutano wa Wawi. Mkuu wetu wa ofisi, Bwana Elineema, Mpare wa Same anayependa mipango mpaka chai yake huipangia saa, alikuwa ameita wakulima arubaini wa mwani waje Wawi, karibu na Chake, kujifunza mbegu mpya. Ukumbi ukakodiwa. Pilau ya watu arubaini ikapikwa. Saa tatu asubuhi Bwana Elineema alisimama mbele ya viti arubaini vitupu akiwa ameshika kipaza sauti. Saa nne akapiga simu ofisini, akaniuliza kwa upole unaotisha, "Konsolata, watu wako wapi?"

Watu walikuwa makwao. Jana yake jioni viongozi wote wa vikundi walikuwa wamepokea barua pepe kutoka kwa Ahmada, kwa anwani yake halali kabisa, ikisema mkutano umeahirishwa mpaka watakapoarifiwa tena, na kwamba ofisi inawatakia mapumziko mema. Ahmada aliapa hakuandika. Tulimwamini, kwa sababu barua ilikuwa haina kosa hata moja la tahajia.

Fundi alipokuja kuchunguza, alitueleza kwa dakika tatu. Hakuna aliyevunja chochote. Mtu fulani alikwenda kwenye ukurasa wa kuingilia, akabonyeza pale paliposema umesahau neno la siri, na mashine ikamuuliza maswali matatu ili ihakikishe kuwa yeye ndiye Ahmada. Jina la mama yako mzazi ni nani? Skuli yako ya kwanza ni ipi? Utotoni walikuitaje?

Bwana Elineema akauliza, "Nani angeweza kujua majibu hayo?"

Ofisi nzima ikatazamana. Mama yake Ahmada amezalisha nusu ya watoto wa Micheweni. Skuli ya kwanza iko moja, kila mtu alipita hapo. Na jina la utotoni la Ahmada, anisamehe, mpaka leo wavuvi wanamwitia kutoka majini. Ahmada alianza kuwahesabu kwa vidole watu waliokuwa na uwezo wa kumwandikia ile barua, akafika msikiti wa Ijumaa, akaacha. Aliyefanya mchezo ule hatukumjua hadi leo. Pilau tuliila siku mbili, na Ahmada alikula kwa huzuni, lakini alikula.

Baada ya hapo Bwana Elineema akamwomba Bi Mwanapili atufundishe. Akasimama Jumatano moja mbele yetu, miwani puani, lile daftari lake mkononi, na sauti ya chini iliyotulazimisha kunyamaza. Akaibandua karatasi ya Ahmada kwenye kioo, akaikunja, akampa mkononi mbele yetu kama anayemrudishia mtu chenji. Akatuambia neno la siri liwe refu, maneno manne yasiyohusiana, ambayo mtu akiyatamka pamoja utamdhania ana homa. Jina la mtoto hapana, tarehe ya kuzaliwa hapana, timu ya mpira hapana. Flashi ya mtu ikiingizwa kwenye mashine ya ofisi, ipekuliwe kwanza na ile programu ya kuzuia virusi, hata kama ni flashi ya shehe. Kila Alhamisi yeye alikuwa akichukua nakala ya kazi zote kwenye diski ya pembeni na kuipeleka kuhifadhiwa kabatini katika jengo la pili, ili ofisi ikiungua tusiungue na kumbukumbu. Akataka kila mmoja wetu awe na zamu.

Kisha akafika kwenye yale maswali matatu.

"Haya maswali," alisema, "yametungwa na watu wasiojuana. Huko kwao jirani hajui mamako nani. Hapa kwetu akiuliza mtoto dukani anajibiwa. Basi msijibu kweli. Andika uongo, uongo wako mwenyewe, uukumbuke kichwani, usiuandike popote. Mie nilipoulizwa jina la mama sikuandika jina la mama yangu. Nimeandika jengine kabisa. Na hilo jengine hata mama yangu mzazi hatoambiwa."

Tukacheka, tukapiga makofi, tukanywa chai. Mimi nilikwenda nyumbani nikiwa nimefurahi sana na kile kisa. Na mimi kisa kikinipendeza, hakilali tumboni.

Jumamosi kulikuwa na harusi Shumba Mjini, na wanawake tulikaa kwenye mikeka tukichagua mchele. Nikawasimulia. Tena nilitia chumvi kidogo, nikaigiza miwani na ile sauti ya chini. "Kamwandika mama mwengine kwenye kompyuta ya serikali," nikasema, "na wa kwake kasema haambiwi." Wanawake walicheka mpaka mchele ukamwagika. Mmoja tu, aliyekuwa pembeni, mikono yake ilisimama juu ya ungo. Niliiona ile mikono. Nikaendelea kusimulia.

Kwetu Rombo kisa kama kile kingeishia kwenye kicheko. Miaka tisa sikuwa nimeelewa kwamba kuna kitu hapa hakichezewi, nacho ni radhi ya mama. Mtu anaweza kukosa kazi, kukosa nyumba, kukosa mume, akaendelea kutembea barabarani. Akikosa radhi ya mama yake hata salamu zake watu huzipokea kwa shaka. Na sasa Shumba nzima ilikuwa inasema Mwanapili binti Jaribu kamkana mama yake, tena kwa maandishi.

Bi Mwanapili ana desturi. Kila Alhamisi hupika, akatia kwenye bakuli la bati lenye maua mekundu, akalifunga kwa kitambaa na fundo lake la mara mbili, akampelekea mama yake. Na bakuli la mtu hapa halirudi tupu. Bi Bimkubwa hulirudisha na chochote alicho nacho, ndimu tatu, vipande vya muhogo, mkate wa kumimina. Alhamisi ile bakuli lilirudi jioni ileile. Fundo lilikuwa lilelile la Bi Mwanapili, halikuguswa. Ndani, wali na samaki wa nazi vilikuwa vimelala kama alivyovipanga.

Akaenda mwenyewe Ijumaa. Mama yake alimwitikia salamu, kwa sababu salamu ni faradhi, kisha akamwambia, "Nenda kapike kwa mama yako ulomwandika."

Jumatatu Bi Mwanapili aliingia ofisini, akatoa kitambaa juu ya kompyuta, akaketi. Vidole vyake siku hiyo viligonga polepole mpaka chai yangu ikatulia kikombeni. Alinisimulia yote kwa sentensi tatu, akaendelea na kazi. Hakuuliza nani aliyesema. Nikaenda nje, nikarudi, nikafungua faili nisilolihitaji. Siku tatu nilijikaanga hivyo. Ya tatu nikashindwa.

"Bi Mwanapili, ni mimi. Nilisema harusini. Mimi ndiye mjinga."

Akanitazama juu ya miwani. "Najua, Konsolata. Wamenambia siku ileile. Hata miwani yangu umeiigiza."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nakungojea uje. Ungefika siku ya nne, hapo ningekasirika." Kisha, na hili ndilo lililonivunja kabisa, akanisogezea nusu ya mkate wake.

Nikaapa nitalitengeneza mwenyewe. Nikachukua mkungu wa ndizi, nikaenda Shumba Viamboni kumwomba radhi Bi Bimkubwa. Ni mwembamba, mrefu, mgongo umenyooka kama wa msichana, na buibui lake lina harufu ya udi. Alinipokea vizuri ajabu. Kila nikifungua mdomo nianze, ananikaribisha kitu. Chai. Chapati. Chapati nyingine. Mihogo ya nazi. Nilipoweka kikombe chini kwa nguvu nikasema, "Mama, mimi nimekuja kwa sababu ya yale maneno," alinitazama kwa upole mkubwa.

"Hebu n'ambie basi, mwanangu. Yuno mama mpya, ni wa wapi?"

"Hayupo, mama. Ni jina tu."

"Kama hayupo, mbona hatajwi?"

Nikarudi Micheweni nimeshiba na nimeshindwa.

Hapo hasira zangu zikapanda, na zikampandia aliyeonewa. Nilimwambia Bi Mwanapili, "Dada yangu, mtajie tu! Ni mama yako, hatakwenda kuingia kwenye kompyuta. Au futa, andika jina lake la kweli, mwonyeshe, yaishe!" Bwana Elineema naye, ambaye kisa kilikuwa kimemfikia, akasimama mlangoni akasema kwa sauti ya mtu anayetoa ruhusa rasmi, "Bi Mwanapili, kwa hili ofisi itakuelewa. Andika jina la mama. Usiingie Ramadhani hivi."

Bi Mwanapili akavua miwani. Nilidhani atalia. Sijui kama hakulia kidogo.

"Mkuu, akaunti yangu ndiyo inayofungua daftari la wakulima wote. Kina mama elfu moja na mia tatu. Picha za vitambulisho vyao ziko humu, namba zao za simu, wanakokaa. Walinipa mkononi mmoja mmoja, wengine walivitoa kwenye mapindo ya kanga. Nikiandika Bimkubwa pale, mlango huo anaufungua ntu yeyote aliyewahi kupita Shumba. Na wao pia ni mama za watu." Akavaa miwani. "Nikimwambia mama nimeandika jina lake na sikuandika, huko ni kumdanganya mama. Nikimtajia, nitakuwa nimewafundisha nyie uongo. Nimeshindwa pa kupita, lakini pale sipiti."

Ahmada, ambaye alikuwa kajifanya anasoma, alinyanyuka kwenda kuswali. Alipofika mlangoni akarudi, akabonyeza vitufe viwili, kioo chake kikajifunga, akatoka bila kumtazama mtu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake.

Siku tatu kabla ya mwezi kuandama, saa nne asubuhi, tukasikia hodi. Mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, kwa nafasi ileile. Ofisi yetu mlango uko wazi na watu huingia tu. Bwana Elineema mwenyewe akatoka kuitikia, akarudi akiwa amemshika mkono Bi Bimkubwa, aliyeshuka kwenye bajaji na buibui lake la udi.

"Shikamoo, mama," tukasema sote, na Ahmada akasimama wima kama yuko skuli.

"Marahaba, wanangu. Hamjambo nyote." Akakalishwa kwenye kiti cha Bwana Elineema kilicholetwa mbiombio. Akaupanga mkongojo magotini. "Nimekuja kujitafuta. Naambiwa humu ndani mie simo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na faili zangu zote.

Bi Mwanapili alisogea akapiga goti kando ya kiti cha mama yake, kisha akainuka, akakiondoa kile kitambaa cha kilua, akaingia kwenye mashine huku ameziba kibodi kwa mkono wa pili, hata mbele ya mama. Niliona Bi Bimkubwa akiuona ule mkono. Akafungua faili lake la ajira, akageuza kioo.

"Mama, hapa pameandikwa mie ni nani na nimetoka wapi."

Bi Bimkubwa anasoma Kurani na barua za herufi za Kiarabu vizuri kuliko sisi sote, lakini herufi hizi za ofisini hakufundishwa. Bi Mwanapili akataka kumsomea. Mama akainua kidole. "Weye sikukwambia." Kidole kikazunguka chumba, kikasimama kwangu. "Asome yuno, mwenye mdomo."

Nikasimama. Nikasoma kwa sauti, "Jina la mama mzazi: Bimkubwa Hamad Faki. Mahali alipozaliwa: Shumba Viamboni."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Bi Mwanapili akafungua fomu ya mtu wa kuarifiwa akipatwa na jambo, nikasoma: Bimkubwa Hamad Faki. Fomu ya mrithi wa kwanza: Bimkubwa Hamad Faki. Cheti cha kuzaliwa kilichopigwa picha: Bimkubwa Hamad. Mara nne. Muda wote Bi Bimkubwa alikuwa akizihesabu kwa kidole gumba juu ya mkongojo.

"Nimo," akasema. "Sasa na hilo jengine liko wapi?"

"Liko kwenye kufuli, mama," akasema Bi Mwanapili. "Si kwenye karatasi. Hii mashine ina kufuli, na kufuli lenyewe lina ujinga wake: lina maswali, na anayelijibu linamfungulia. Linauliza mama yako nani. Sasa mama, Micheweni hii nani asiyejua mama yangu nani? Ndo nikalidanganya."

"Umelidanganya kufuli."

"Nimelidanganya."

Kisha mabega ya Bi Bimkubwa yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikasogea nimshike. Alikuwa anacheka. Kicheko kilianza kwenye mabega, kikapanda, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya buibui.

"Mwanapili," akasema, "lile kasha langu la shaba nililoozwa nalo, ufunguo wake uko wapi?"

"Kwa shangazi, Wete. Uko Wete tangu sijazaliwa."

"Uko kwenye gudulia la chumvi." Akaupiga mkongojo chini. "Haujapata kutoka nyumbani hata siku moja! Kila aliyeuliza, nimemwambia uko Wete. Baba yako, Mungu amrehemu, kaingia kaburini anajua uko Wete. Kuna mwaka alikwenda Wete kuutafuta!"

Ahmada alikuwa wa kwanza kulipuka, na alipocheka yeye hakuna aliyeweza kujizuia. Bwana Elineema alicheka mpaka akavua koti. Bi Mwanapili alikuwa kakaa chini sakafuni, miaka yake hamsini na kitu, kichwa kwenye goti la mama yake, anacheka na machozi yanamtoka. Mimi nililia tu, sioni haya kusema.

Bi Bimkubwa akamwinua mwanawe kidevu. "Mbona hukun'ambia kuwa ni kufuli? Wao wamen'ambia ni daftari." Hapo akanitupia jicho. "Hebu nipe sikio. Nami nikupe uongo mmoja wa kuandika, wa kwangu, mzuri."

Akamnong'oneza. Ofisi nzima ikanyoosha shingo, mimi nikiwa mbele. Hatukusikia kitu. Bi Mwanapili aliitikia kwa kichwa, akambusu mama yake mkono. Bwana Elineema akamsindikiza mpaka kwenye bajaji, na alipokuwa anapita mezani kwa Ahmada, Bi Bimkubwa akakitazama kioo chake kilichowaka akamwambia, "Na weye, funga chako." Ahmada akafunga.

Siku ya mwisho ya Shaabani Bi Mwanapili aliniambia, "Twende wote. Uliyaanza, yaone yakiisha." Tukafika Shumba Viamboni mchana, na lile bakuli la maua mekundu mikononi mwake. Bi Bimkubwa alilifungua mwenyewe, akalifundua lile fundo la mara mbili taratibu, akanawa, akaanza kula. Wali wa nazi na pweza. Wiki nzima nilikuwa nimengojea kuliona lile tonge likifika mdomoni. Lilipofika, nikashusha pumzi mpaka yeye akanisikia.

Akala matonge matatu. Kisha bila kuinua uso akauliza, "Lile nililokupa, umeliandika?"

Mimi nikamkanyaga Bi Mwanapili mguu pale mkekani. Sema ndiyo, nikamwomba kwa macho. Kwa jina la Mungu, kesho ni Ramadhani, bakuli limefunguliwa, sema ndiyo!

"Sikuliandika, mama," akasema Bi Mwanapili. "Limeshajuliwa na watu wawili."

Bi Bimkubwa akatafuna. Akameza. Akachagua kipande cha pweza, kile kinono, akakisogeza upande wa mwanawe.

"Nilikuwa nakutazama tu," akasema. "Ungeliandika, nisingekupa radhi yangu. Unayo, mwanangu. Yote. Nenda kafunge Ramadhani yako kwa amani."

Bi Mwanapili aliinama akaibusu ile mikono yenye mafuta ya nazi. Mama yake akamwacha hapo kwa muda, kisha akalisukuma bakuli kuelekea kwangu.

"Na weye kula, Konsolata. Mdomo upate kazi."